Jenerali Grant: Mkombozi aliyeoa katika ukoo wa mabwana wa watumwa

MNAMO Machi 29, 1859, Ulysses S. Grant alifika mbele ya mahakama ya mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, akawasilisha hati aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hati hiyo alimwacha huru mtumwa wake wa pekee, William Jones, mwanamume wa umri wa miaka 35 hivi.

Wakati huo Grant alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa ameliacha jeshi miaka mitano awali, kilimo kilikuwa kimemshinda, na kazi ya kukusanya kodi za nyumba aliyoishika mjini haikutosha kumlisha mkewe na watoto wao wanne. Mtumwa mwenye nguvu kama Jones angeweza kuuzwa kwa dola 1,000 au zaidi, fedha ambazo zingemwondolea Grant dhiki kwa muda mrefu. Hakumwuza.

Miaka sita baadaye, mtu huyo huyo aliyapokea majeshi ya Jenerali Robert E. Lee yalipojisalimisha, na utumwa ukaporomoka kote Marekani. Alikuja kuwa rais wa taifa hilo kwa vipindi viwili, na jina lake likaandikwa miongoni mwa wakombozi wa watu Weusi.

Hata hivyo, sifa hizo pekee hazitoshi kuyaeleza maisha yake. Shamba alilolilima, nyumba aliyolala na chakula walichokula wanawe katika miaka ile ya dhiki vilitokana na jasho la watumwa wa baba mkwe wake, Frederick Dent. Ukoo wa akina Dent ulimpa mke aliyempenda hadi kufa kwake. Ukoo huo huo ulimtia katika nyumba ambayo msingi wake ulikuwa utumwa, mambo ambayo baba yake mzazi aliyachukia tangu ujana.

Mtoto wa mtengeneza ngozi

Grant alizaliwa Aprili 27, 1822 katika kijiji cha Point Pleasant, jimbo la Ohio, akapewa majina ya Hiram Ulysses. Baba yake, Jesse Root Grant, alikuwa mtengeneza ngozi, mtu wa maneno mengi na misimamo mikali. Mama yake, Hannah Simpson, alikuwa mcha Mungu na mpole, mwenye kuyaweka ya moyoni moyoni.

Jesse aliupinga utumwa waziwazi. Katika ujana wake aliishi Kentucky, jimbo lililoruhusu watu kumilikiwa, akahama kwa sababu hakutaka kumiliki watumwa wala kuishi mahali walipokuwapo. Isitoshe, aliwahi kuishi na kufanya kazi kwa Owen Brown, baba yake John Brown, yule ambaye mwaka wa 1859 aliivamia ghala ya silaha ya serikali huko Harpers Ferry kwa nia ya kuwakomboa watumwa, akanyongwa.

Kijana Ulysses hakuipenda kazi ya ngozi. Alichukizwa na damu na harufu ya kiwanda cha baba yake, akapenda farasi kuliko kitu kingine chochote. Mwaka wa 1839 Jesse alimtafutia nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Mbunge aliyempendekeza alikosea kuliandika jina lake, akamwita Ulysses S. Grant. Kosa hilo halikusahihishwa, na ndilo jina alilokufa nalo.

Alihitimu mwaka wa 1843, akiwa wa 21 katika kundi la wanafunzi 39. Chuoni alilala chumba kimoja na kijana kutoka Missouri, Frederick Tracy Dent. Urafiki huo ndio uliofungua mlango wa mengi yaliyofuata.

Nyumba ya White Haven

Baada ya kuhitimu, Grant alitumwa katika kambi ya Jefferson Barracks, karibu na St. Louis. Shamba la akina Dent, lililoitwa White Haven, lilikuwa umbali wa mwendo mfupi wa farasi kutoka kambini. Kwa vile rafiki yake alimsihi awatembelee wazazi wake, Grant alianza kwenda huko.

Frederick Dent, baba wa rafiki yake, aliitwa Kanali ingawa hakuwa na cheo chochote cha kijeshi. Alizaliwa Maryland, akafanya biashara, kisha akanunua White Haven mwaka wa 1820. Shamba hilo lilikuwa na eka 850 hivi. Kufikia mwaka wa 1830 alimiliki watumwa 18, na kufikia 1850 idadi hiyo ilikuwa imefika 30. Wao ndio waliolima ngano, mahindi na viazi, wakachunga mifugo, wakapika, wakafua na kulea watoto wa bwana wao. Bwana mwenyewe aliketi barazani akisoma gazeti na kubishana na wageni juu ya siasa. Kwa maoni yake, utumwa ulikuwa jambo la halali ambalo serikali haikuwa na haki ya kuligusa.

Mapema mwaka wa 1844, binti mkubwa wa nyumba hiyo, Julia, alirudi nyumbani kutoka mjini. Alikuwa na miaka 18. Hakusifika kwa uzuri wa uso, na jicho lake moja lilikuwa na makengeza, lakini alikuwa mchangamfu na hodari wa kupanda farasi. Luteni Grant, kijana mwenye haya, alianza kufika White Haven mara kwa mara kupita kiasi cha adabu.

Julia alilelewa na kuhudumiwa na watumwa tangu siku aliyozaliwa. Miongoni mwao alikuwamo msichana aliyeitwa kwa jina lake mwenyewe, Julia, na ambaye kwa kutofautishwa aliitwa Jule. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, Bi Julia aliuelezea utoto wake kama wakati wa raha tupu, na akadai kwamba watumwa wa nyumbani kwao walikuwa na furaha. Ndivyo alivyoona kutoka pale alipoketi.

Grant na Julia waliposhana mwaka huo wa 1844, kwa siri. Mzee Dent hakuvutiwa na mkwe mwenye mshahara mdogo wa jeshini. Naye Jesse Grant, alipopata habari, hakutaka kusikia mwanawe akiingia katika ukoo wa mabwana wa watumwa. Kabla ya mvutano huo kumalizika, vita baina ya Marekani na Meksiko vilizuka mwaka wa 1846, na Grant akaondoka.

Katika mapigano ya Molino del Rey, mwezi Septemba mwaka wa 1847, Grant alimkuta rafiki yake Frederick Tracy akiwa amelala chini, amejeruhiwa. Alimsaidia, kisha akaendelea na vita.

Harusi iliyokosa upande mmoja

Grant alirejea salama, na Agosti 22, 1848 akamwoa Julia katika nyumba ya akina Dent mjini St. Louis. Wazazi wake hawakuhudhuria. Kwa Jesse, kula karamu iliyopikwa na kuandaliwa na watumwa kungekuwa sawa na kuibariki nyumba hiyo na mwenendo wake.

Miongoni mwa waliohudhuria walikuwamo maafisa wa jeshi James Longstreet, ndugu wa mbali wa Julia, na Cadmus Wilcox. Hakuna aliyejua siku hiyo kwamba wote wawili wangekuja kupigana upande wa Kusini, dhidi ya bwana harusi.

Wahenga walinena kwamba ukipenda boga, penda na ua lake. Grant alimpenda Julia, na kwa hivyo akayachukua yote yaliyokuja naye: baba mkwe mbishi, mashemeji wenye kujivunia Kusini, na watumwa ambao mkewe alizoea kuwaita wake.

Mwaka wa 1852 jeshi lilimpeleka Grant katika pwani ya Pasifiki. Julia, aliyekuwa mja mzito, alibaki. Upweke, mshahara usiotosha na uvumi kuhusu ulevi wake vilimlemea afisa huyo, na mwaka wa 1854 akajiuzulu. Alirejea kwa mkewe na watoto bila kazi wala fedha.

Kimbilio lake likawa White Haven.

Mkulima miongoni mwa watumwa

Mzee Dent alikuwa amempa Julia sehemu ya shamba kama zawadi ya harusi, na hapo ndipo Grant alipojaribu kuwa mkulima. Alilima bega kwa bega na watumwa wa baba mkwe wake, akapasua kuni na kuzipeleka mjini St. Louis kwa mkokoteni kuziuza barabarani. Maafisa aliosoma nao walipomkuta akiwa amevaa koti la zamani la jeshi, hawakujua waseme nini.

Mwaka wa 1856 alijenga nyumba ya magogo kwa msaada wa watumwa na majirani, akaipa kwa mzaha jina la Hardscrabble, lenye maana ya maisha ya shida. Julia hakuipenda. Mapema mwaka wa 1857, baada ya mama yake Julia kufariki, familia ilirudi katika nyumba kubwa ya White Haven. Mwaka huo uchumi wa nchi uliporomoka na bei ya mazao ikaanguka. Desemba 23, 1857, siku mbili kabla ya Krismasi, Grant aliweka rehani saa yake ya dhahabu kwa dola 22.

Waliomfahamu enzi hizo walisimulia baadaye kwamba hakuwa na tabia ya bwana wa watumwa. Hakuweza kuwachapa, na alipowaajiri watu Weusi waliokuwa huru aliwalipa ujira uliowaudhi majirani kwa kuwa mkubwa mno. Mary Robinson, aliyekuwa mtumwa mpishi katika nyumba ya akina Dent, alieleza katika gazeti moja la St. Louis mwaka wa 1885 kwamba Grant alikuwa akisema mara kwa mara kuwa angewaacha huru watumwa wa mkewe pindi tu atakapopata uwezo.

Uwezo huo hakuupata. Watumwa wanne ambao Julia aliwaita wake, yaani Eliza, Dan, John na Jule, kisheria hawakuwa mali ya Grant. Hakuna hati inayoonyesha kwamba mzee Dent aliwahi kumkabidhi bintiye umiliki wao. Yaelekea mzee huyo, aliyemfahamu fika mkwe wake na baba wa mkwe wake, hakutaka kuwaweka mahali ambapo wangeweza kuachwa huru. William Jones peke yake, ambaye Grant alikuwa amemnunua kutoka kwa Dent, ndiye aliyekuwa mikononi mwake. Na huyo alimwacha aende.

Mahakama aliyoipeleka hati hiyo ndiyo ile ile ambayo Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, alianza kusikizwa katika miaka ya 1840. Kesi hiyo ilipofika katika Mahakama ya Juu mnamo Machi 1857, majaji waliamua kwamba mtu Mweusi hangeweza kuwa raia wa Marekani. Kwa hivyo, Grant alitia saini hati yake wakati ambapo sheria ya nchi ilielemea upande wa mzee Dent.

Si kwamba Grant alikuwa mwanaharakati. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka wa 1856 alimpigia kura James Buchanan, mgombea wa chama cha Democratic, kwa kuhofia kwamba ushindi wa Republican ungeivunja nchi. Aidha, mwaka wa 1859 aliomba kazi ya mhandisi wa kaunti ya St. Louis akanyimwa kwa kura tatu dhidi ya mbili. Waliomkataa walimhesabu kuwa mtu wa siasa za baba mkwe wake.

Mwaka wa 1860 alisalimu amri, akahamia mji wa Galena, jimbo la Illinois, kufanya kazi katika duka la ngozi la baba yake. Illinois haikuruhusu utumwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Julia, wale watumwa wanne waliachwa Missouri, wakakodishwa kwa watu aliowafahamu. Wao walihamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kuulizwa.

Barua kwa baba mkwe

Aprili 1861 majeshi ya Kusini yaliishambulia ngome ya Fort Sumter, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mzee Dent aliunga mkono Kusini bila kuficha. Mnamo Aprili 19, Grant alimwandikia barua. Alimweleza kwamba kila mzalendo sasa alipaswa kusimama na serikali, kwamba Kusini ndiyo iliyoanza uchokozi, na kwamba katika vita hivyo aliona mwisho wa utumwa.

Barua hiyo ilikuwa talaka ya kisiasa. Kwa heshima anayostahili mzee, mkwe alimjulisha kwamba njia zao zimetengana. Lakini hakuuvunja udugu. Shemeji yake, Frederick Tracy, alibaki katika jeshi la Muungano na baadaye akawa msaidizi wake.

Ndani ya miezi michache Grant, ambaye mwanzoni mwa mwaka aliuza ngozi dukani, alikuwa brigedia jenerali. Februari 1862 aliiteka ngome ya Fort Donelson. Aprili mwaka huo alinusurika maangamizi ya Shiloh. Julai 4, 1863 mji wa Vicksburg ulijisalimisha kwake, na mto Mississippi wote ukawa chini ya Muungano.

Kila jeshi lake lilikoelekea, maelfu ya watumwa walitoroka mashambani na kulifuata, wengine bila viatu, wakiwa wamebeba watoto na mafurushi. Mnamo Novemba 1862 Grant alimteua kasisi wa jeshi, John Eaton, kuwasimamia. Waliwekwa kambini, wakapewa kazi ya kuvuna pamba kwa ujira. Kwa wengi wao, hizo zilikuwa fedha za kwanza kulipwa katika maisha yao.

Mwaka wa 1863, serikali ya Rais Abraham Lincoln ilipoanza kuwaandikisha wanajeshi Weusi, Grant aliiunga mkono. Agosti mwaka huo alimwandikia Lincoln kwamba kuwapa watu Weusi silaha, pamoja na kuwakomboa, kulikuwa pigo zito kuliko yote dhidi ya Kusini. Karibu wanajeshi 180,000 Weusi walipigania Muungano kabla ya vita kwisha. Na mwaka wa 1864, Lee alipopendekeza kubadilishana mateka, Grant alitaka kujua iwapo wanajeshi Weusi wangehesabiwa sawa na wenzao. Lee alipowakatalia waliokuwa watumwa, Grant aliukataa mpango wote.

Jule ajikomboa

Katika miaka hiyo hiyo, ndani ya familia yake, mambo yalikwenda kinyume. Julia alimfuata mumewe kambini kila alipoweza, akiwa na watoto, na mara nyingi akiwa na Jule, yaya wao. Jenerali aliyewapokea watumwa waliotoroka alikuwa na mkewe aliyehudumiwa na mjakazi.

Desemba 1862 Julia na Jule walikuwa Holly Springs, jimboni Mississippi, mji uliokuwa ghala ya jeshi la Grant. Muda mfupi baada ya Julia kuondoka kwenda kwa mumewe, wapanda farasi wa Kusini wakiongozwa na Earl Van Dorn waliuvamia mji huo mnamo Desemba 20 na kuteketeza ghala. Lau wangewakuta humo, bibi angekuwa mateka, na mjakazi angeweza kurudishwa utumwani Kusini.

Januari 1, 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa katika majimbo yaliyoasi walikuwa huru. Missouri haikuasi, kwa hivyo tangazo hilo halikuwagusa watumwa wa huko. Hapo ndipo penye kisa cha Jule. Mwanzoni mwa mwaka wa 1864, mwana mkubwa wa Grant aliugua mjini St. Louis, na Julia akafunga safari kutoka Nashville kwenda kumwona. Walipofika Louisville, Jule aliacha msafara akatoweka. Julia alieleza katika kumbukumbu zake kwamba mjakazi huyo aliogopa kwamba akirudi Missouri angerudi pia katika utumwa. Aliongeza kwamba alimsikitikia, kwani alikuwa amemzoea, na kwamba Jule aliolewa punde baadaye.

Miezi miwili hivi baada ya tukio hilo, Grant alipandishwa cheo kuwa luteni jenerali na kukabidhiwa majeshi yote ya Muungano. Alikuwa na uwezo wa kuamuru mamia ya maelfu ya wanajeshi. Lakini aliyemkomboa Jule hakuwa jenerali, wala rais, wala mahakama. Ni Jule mwenyewe, kwa miguu yake.

Jimbo la Missouri lilifuta utumwa Januari 11, 1865. Aprili 9 mwaka huo, katika kijiji cha Appomattox Court House, jimbo la Virginia, Lee alijisalimisha. Miongoni mwa majenerali waliokuwa naye walikuwa Longstreet na Wilcox, wale wageni wa harusi ya mwaka wa 1848. Grant aliwapokea kwa ukarimu, akawaruhusu wanajeshi wa Lee warudi makwao bila kufungwa.

Wazee wawili Ikulu

Baada ya vita mambo yaligeuka juu chini. Mkwe ambaye mzee Dent alimdharau alianza kuyanunua mashamba ya ukoo huo uliofilisika, hata White Haven ikawa yake. Mwaka wa 1868 alichaguliwa rais, na Machi 1869 akaingia Ikulu. Mzee Dent akaingia pamoja naye.

Huko, Kanali Dent aliketi na kuwapokea wageni akiisifu Kusini ya zamani kana kwamba vita havikutokea. Jesse Grant alipokuja Washington kumtembelea mwanawe, alipendelea kulala hotelini, na wazee hao wawili walipokutana walirushiana vijembe. Grant alinyamaza kimya. Jesse alifariki Juni 1873, na Dent akafariki katika Ikulu Desemba mwaka huo huo, chini ya dari ya mtu aliyeuvunja ulimwengu wake.

Wakosoaji walimlaumu Grant kwa kuwagawia jamaa vyeo, na baadhi ya lawama hizo zilikuwa na msingi. Hata hivyo, ilipohusu haki za watu Weusi, udugu haukumyumbisha. Mwaka wa 1869 kaka yake Julia, Louis Dent, aligombea ugavana wa Mississippi akiungwa mkono na wahafidhina waliotarajia kwamba jina la rais lingewabeba. Grant alimwandikia shemeji yake kumjulisha kwamba hangemuunga mkono. Louis alishindwa vibaya.

Februari 1870 Marekebisho ya 15 ya Katiba yalipitishwa, yakiwapa wanaume Weusi haki ya kupiga kura. Kundi la Ku Klux Klan lilipozidisha mauaji na mijeledi dhidi ya wapiga kura hao, Grant alizitumia sheria mpya za Congress. Oktoba 1871 alisimamisha haki ya washukiwa kufikishwa mahakamani mara moja katika kaunti tisa za South Carolina, akatuma wanajeshi, na mamia ya watu wakakamatwa. Nguvu za kundi hilo zilivunjika kwa wakati ule.

Longstreet naye alibadilika. Alijiunga na chama cha Republican, Grant akampa kazi katika forodha ya New Orleans, na Septemba 1874 akaongoza polisi na wanamgambo, wengi wao Weusi, kupambana na kundi la wazungu wenye silaha lililotaka kuipindua serikali ya Louisiana. Aliyekuwa jenerali wa watetezi wa utumwa alijeruhiwa akiwa upande wa waliokuwa watumwa.

Lakini moto huo haukudumu. Watu wa Kaskazini walichoka, Mahakama ya Juu ilizipunguza makali sheria za haki, na mwaka wa 1875, Weusi wa Mississippi walipotishwa ili wasipige kura, Grant alisita kutuma majeshi. Alipoondoka Ikulu mwaka wa 1877, serikali za mwisho zilizowalinda huko Kusini zilianguka.

Deni la mwisho

Mei 1884 kampuni ya fedha aliyoshirikiana na mwanawe ilianguka kwa sababu ya ulaghai wa mshirika wao, na Grant akafilisika tena. Tajiri William H. Vanderbilt alikuwa amemkopesha dola 150,000. Ili kulilipa deni hilo, Grant alimkabidhi mali zake, na miongoni mwa mali hizo ilikuwamo White Haven. Shamba la Kanali Dent likatoka mikononi mwa ukoo.

Mwaka huo huo aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alianza kuandika historia ya maisha yake ili Julia asiachwe maskini, akaikamilisha siku chache kabla ya kufariki Julai 23, 1885, akiwa na umri wa miaka 63. Kitabu hicho, kilichotolewa na kampuni ya mwandishi Mark Twain, kilimpatia mjane wake mamia ya maelfu ya dola. Humo Grant aliandika wazi kwamba chanzo cha vita kilikuwa utumwa. Kuhusu watumwa wa mkewe hakusema neno, wala William Jones hakumtaja.

Julia alifariki mwaka wa 1902, akazikwa kando ya mumewe katika kaburi kubwa mjini New York. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka wa 1975. Shamba la White Haven lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1989, na wageni wanaolizuru husimuliwa habari za Grant na Julia pamoja na za watu waliolilima bila ujira.

Jule hakuandika kitabu. Yanayojulikana kumhusu yametoka katika kalamu ya bibi yake, aliyekumbuka kwamba mjakazi huyo aliondoka. Sababu ya kuondoka haikuhitaji kalamu ya mtu mwingine. Jenerali Grant alikwisha kumweleza baba mkwe wake sababu hiyo mwaka wa 1861, kwamba siku za utumwa zimehesabiwa. Jule hakungoja hesabu hiyo ikamilike.